Siku Mbili za Kulijaribu Gari-Nyumba Letu

Ndugu zetu wa Nakivale, tunawaandikia kutoka Kampala. Tangu mwezi uliopita tumepigiwa simu nyingi na swali ni lile lile: gari limefikia wapi? Limenunuliwa ao pesa zimeliwa? Basi tumeomba nafasi katika ukurasa huu tuwajibu wote kwa pamoja, maana salio la simu nalo ni pesa.

Kwanza tueleze gari lenyewe, kwa sababu kuna watu huko waliosikia tumenunua takisi, na wengine eti basi la watalii. Si hivyo. Ni Toyota Hiace ya zamani ya dizeli, injini ya 3L, ile ya lita 2.8, ambayo mtu mmoja wa kukodisha magari alikuwa ameitoa viti vya nyuma akaweka kitanda cha mbao, kabati, jiko la gesi la macho mawili, tangi la maji la lita 60 na pazia. Wazungu wamekuwa wakisafiri na magari ya namna hiyo tangu miaka ya 1950, wakati Volkswagen zilipoanza kutengenezwa kwao zikiwa na vitanda ndani. Wao ni starehe. Sisi hesabu yetu ilikuwa nyingine. Washonaji wetu wakija huko kwenu na mashine, siku tatu Base Camp, siku mbili Juru, siku mbili Rubondo, pesa inaishia kwenye nauli na malazi, mizigo inalipiwa peke yake, na mara ngapi mashine imefika imevunjika mguu? Gari lenye kitanda linabeba mashine, linalaza watu, linapika, na wakati wa kurudi linaweza kumleta mzee anayekwenda hospitali akiwa amelala, si amekunjwa kwenye kiti cha takisi.

Tulichagua la zamani kwa sababu pesa ndiyo iliyosema. Tena tangu 2018 Uganda ilikataza kuingiza magari madogo yaliyozidi miaka 15, kwa hiyo hizi Hiace za zamani unazoziona Kampala ni zile zilizokwisha kuwemo nchini, zinazeekea hapa hapa. Kila moja ina historia yake, na muuzaji hatakusimulia yote.

Familia tulikuwa 9. Kila familia ilitoa shilingi 35,000 kwa wiki katika likelemba, wiki 56 bila kuruka. Hesabu yake ni 17,640,000. Kuna nyumba zilizolala na chai peke yake ili zisikose zamu. Tunasema hivyo mpate kuelewa kwa nini hatukukubali kulipa siku ile ile tulipoliona gari, ingawa lilikuwa limepigwa rangi likang'aa na bwana mwenyewe alikuwa mwenye maneno matamu.

Aliomba milioni 17. Mama Hazina (hivyo ndivyo tunavyomwita mweka hazina wetu) akamwambia: "Sebo, siye tunanunua motokari, hatununui rangi. Utupe tulijaribu." Wakavutana nusu siku. Mwisho tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1: tunaacha milioni 2, tunalichukua gari siku mbili, Ijumaa asubuhi mpaka Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Tukilikataa kwa sababu ya ubovu, anaturudishia milioni 2. Tukichelewa hata saa moja, pesa hiyo imekwenda. Yeye atatoa kijana wake asafiri pamoja nasi. Tukapiga sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

Kazi ya kulijaribu tulimpa Papa Shofa. Wengi wenu mnamjua, aliendesha malori miaka mingi kati ya Bukavu na Uvira kupitia milima ya Ngomo, na mtu aliyeshuka Ngomo na lori bovu akafika chini salama, huyo anajua gari. Jambo la kwanza alilofanya lilimshangaza kijana wa mwenye gari. Alifika saa moja asubuhi, na kabla ya kusalimiana vizuri akainua kiti cha mbele (injini ya Hiace hizi inakaa chini ya viti) akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi. Akatikisa kichwa: vizuri. Muuzaji akikuwashia gari kabla hujafika, anakuficha namna linavyoamka. Likiwa baridi ndipo utasikia stata inavyohangaika, ndipo utaona moshi. Moshi mweupe kidogo kwa dizeli iliyolala ni kawaida, ukiisha baada ya dakika chache. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni dizeli nyingi ao hewa kidogo. Letu lilitoa mweupe, likakohoa mara mbili, likatulia.

Jambo la pili ndilo lililotuchekesha. Alituamuru tujaze majerikani 20 ya maji, lita 20 kila moja, tuyapange ndani. Hiyo ni kilo 400, karibu uzito wa mashine nane za miguu na vitambaa vyake. Majirani wakauliza kama Kampala maji yamekatika. Lakini yeye alisema gari tupu linadanganya. Ukilijaribu bila mzigo litapanda kila mlima likiimba, na siku ya mashine ndipo litakapokuonyesha tabia yake. Tukaongeza maji katika lile tangi la lita 60, tukapanda watu sita, tukaondoka Nsambya saa mbili.

Foleni ya kutoka mjini mnaijua. Kibuye, Natete, mpaka Busega, ilikuwa saa nzima na zaidi ya kusogea hatua kwa hatua, jua limeshaanza kuwaka. Papa Shofa hakuondoa jicho kwenye geji ya joto. Sindano ilisimama katikati, haikusogea. Kijana akasema, "Mnaona, mzee? Gari zima." Papa akajibu, "Ngoja mlima."

Mlima ulikuja. Baada ya kupita Mpigi, tukielekea Kammengo, sindano ikaanza kupanda polepole kama mtu anayenyata. Ilipofika karibu na alama nyekundu Papa Shofa hakusimama ghafula. Alipunguza mwendo, akashusha gia, akafungua hita ya ndani mpaka mwisho na madirisha yote. Jua la saa nne na hita juu yake! Tulitoka jasho kama tuko ndani ya chungu. Lakini hita ni rejeta ndogo, inachukua joto la injini na kulimwaga kwa abiria. Sindano ikarudi kidogo. Akatafuta mahali pa tambarare penye nafasi pembeni, akaliacha lizunguke taratibu dakika chache bila kukanyaga, ndipo akazima. Ingekuwa mvuke unatoka na maji yanamwagika, angezima mara moja. Tukaweka pembetatu nyuma, na matawi ya mti mbele yake zaidi, kama wanavyofanya madereva wote wa hapa.

Sasa hapo ndipo elimu yake ilipoonekana, na tunaiandika kwa urefu kwa sababu vijana wengi kambini wana pikipiki na magari ya mizigo, na wengine wanajifunza ufundi.

Alisema: sikilizeni, gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likitembea, ugonjwa wake mara nyingi ni feni, maana kwenye foleni hakuna upepo ila wa feni. Hili letu limefanya kinyume. Foleni lilivumilia, mlimani likachemka. Kwa hiyo feni inafanya kazi. Tatizo ni maji hayazunguki ya kutosha wakati injini inafanya kazi nzito. Hapo washukiwa wako watatu. Rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka vizuri, ao mpira wa chini wa rejeta uliolegea, ambao injini ikizunguka kwa nguvu unavutwa na kujibana kama mrija wa soda. Na yuko wa nne, ambaye hakutaka kumtaja mbele ya Mama Hazina lakini akamtaja: gasketi ya kichwa cha silinda. Akiwa ni huyo, turudi nyumbani tuchukue milioni 2 zetu, maana injini za dizeli za namna hii zikishachemshwa mara nyingi kichwa chenyewe hupasuka, na pesa ya kukibadilisha hatunayo.

Kukawa kimya. Mama Hazina alikaa juu ya jerikani, hakusema kitu.

Tulisubiri. Hakuna kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata mtu akikuharakisha namna gani. Ndani maji yako chini ya mgandamizo, yana joto kupita lile la maji ya sufuria, na ukifungua tu yanalipuka usoni. Sisi tunamjua kijana mmoja wa garaji hapa Kampala aliyeungua shingo na kifua namna hiyo. Lilipopoa kiasi, tukaenda mwendo wa 50, hita wazi, gia ya chini kila panapoinuka, mpaka Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta. Ilikuwa karibu saa sita. Pale kuna vijana wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka kwenye beseni, upande huu kushoto, upande ule kulia. Ni maonyesho tu, mzunguko wa dunia hauwezi kugeuza maji ya beseni dogo kama lile. Walitukaribisha tukawaambia siye maji yetu tunayo, tumekuja na majerikani 20.

Tukaegesha katika kituo kimoja cha petroli, kwa ruhusa ya mlinzi. Baada ya dakika 40 Papa Shofa akaweka kitambaa, akafungua kifuniko taratibu. Maji yalikuwa yamepungua kama lita mbili. Tukajaza (hapo majerikani yakaanza kulipa nauli yake). Kisha akamwambia kijana awashe, kifuniko kikiwa wazi, sote tukainama kutazama maji. Kama gasketi imekufa, gesi ya silinda inapenya, maji yanatoa mapovu yasiyoisha kama sufuria ya uji. Tulitazama dakika tano. Mapovu mawili matatu ya mwanzo, basi. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi, safi, si rangi ya chai ya maziwa. Maji yakiingia kwenye oili inageuka kuwa kama chai ya maziwa, hata mtoto ataiona. Mama Hazina akauliza, "Ni yule wa nne?" Papa akasema, "Hapana mama, si yeye." Tukapumua.

Mpira wa chini: mmoja akakanyaga mafuta, mwingine akautazama. Haukujibana. Rejeta: akaipapasa kwa mkono ikiwa ya vuguvugu. Kona moja ilikuwa baridi, maana yake mirija michache imeziba, lakini sehemu kubwa ilikuwa na joto sawasawa. Basi akabaki mshukiwa mmoja mkubwa. Akafungua maji yashuke, akatoa thamostati.

Kwa wasioijua, thamostati ni mlango mdogo wa chuma wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanabaki kwenye injini ipate joto haraka. Joto likifika, nta inavimba, inasukuma mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta. Hii ilikuwa imepigwa namba 82, yaani ianze kufunguka kwenye nyuzi 82. Na kupima ni rahisi kuliko kupika ugali. Mmoja wetu akaosha sufuria ndogo, akawasha lile jiko la gesi la gari, milango yote wazi, tukaitumbukiza thamostati ikining'inia kwa uzi isiguse chini. Huku kwetu juu maji huchemka kama kwenye nyuzi 96, si 100, kwa sababu tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, lakini hiyo inatosha. Maji yalipochemka kabisa ilitakiwa iwe imefunguka wazi. Ilifumbuka kidogo tu, kama jicho la mtu aliyeamshwa usiku. Tukaitoa, tukaitia tena. Vile vile.

Hapo mabishano yakaanza. Kijana wa mwenye gari akasema, "Mzee, itupe hiyo, funga bila thamostati, twende. Kampala wote wanafanya hivyo." Na kweli wengi wanafanya. Papa Shofa akamwambia, mtoto wangu, sikatai, nimeshafanya hivyo porini kuokoa roho. Lakini injini bila thamostati haifiki joto lake, inakula dizeli na oili inachafuka mapema. Tena kuna injini zenye njia ya pembeni ya maji ambayo thamostati ikifunguka ndiyo inaifunga. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tumkubalie: tukifika Kampala bila hicho kifaa, hatutajua kama kilikuwa ndicho ugonjwa wenyewe. Tutalipa milioni 15 zilizobaki kwa kubahatisha.

Upande mwingine saa zilikuwa zinakwenda. Wengine kati yetu walitaka turudi siku ile ile tukiwa tumelifunga kamba nyuma ya lori, tudai pesa, tumalize. Nao walikuwa na hoja. Milioni 2 ni wiki sita na zaidi za likelemba. Tulizungumza kwa utulivu, kila mmoja akasema lake, hata yule binti mdogo wa cherehani. Tukaafikiana: kifaa kikifika kabla ya usiku tunaendelea kesho asubuhi; kisipofika, alfajiri tunatafuta gari la kutuvuta.

Tukampigia mdogo wetu aliye Kampala aende soko la Kisekka, upande wa Kyaggwe Road, tukamtumia pesa kwa simu na picha ya thamostati pande zote mbili. Kisekka unapata kila kitu cha gari, shida ni kujua unapata nini. Kuna mpya ya bei ndogo iliyotoka kiwandani juzi lakini ya kuiga, na kuna iliyotumika iliyong'olewa kwenye injini ya Japani. Mafundi wengi wa hapa wanaamini iliyotumika ya asili kuliko mpya ya bandia, na sisi tunakubaliana nao, kwa sharti ipimwe. Mdogo wetu hakuona haya. Alimwomba mama wa chai wa pale sokoni maji yanayochemka kwenye birika, akazitia tatu mbele ya muuzaji. Mbili zilifunguka kwa uvivu, ya tatu ikafunguka yote. Akalipa 45,000, akaifunga katika gazeti, akampa kondakta wa takisi ya Masaka pamoja na namba yetu ya simu. Saa moja usiku kondakta akatushushia Kayabwe, tukampa 5,000 ya soda. Kuna watu wanaosema Kampala hakuna uaminifu.

Giza lilikuwa limeingia, hatukutaka kufunga kitu kama kile kwa tochi. Kwa hiyo tulipata nafasi ya kulijaribu gari kama nyumba, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa nusu ya safari. Majerikani tuliyashusha. Kina mama watatu walilala kitandani na kwenye sakafu, wanaume chini ya hema pembeni. Saa tisa mvua ikanyesha, tukajua kwamba tundu la juu la hewa linavuja kwenye kona ya mguuni. Mbao za kitanda katikati zilikuwa nyepesi, zikabonyea.

Lakini kilichotusumbua zaidi ya yote, na sisi tunakihesabu kuwa kibaya kuliko thamostati, kilikuwa mtungi wa gesi. Waliolitengeneza gari waliuweka katika kabati chini ya kitanda, kabati limefungwa pande zote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoke dirishani, inashuka, inajaza chini kama maji. Kabati lisilo na tundu sakafuni linaikusanya pale pale, chini ya watu waliolala, mpaka mtu awashe kiberiti cha chai ya asubuhi. Mama Hazina alifunga mtungi, akautoa nje, akaulaza mbali na hema. Mmoja akapendekeza tuwashe sigiri ndani kidogo kwa ajili ya baridi na mbu. Sote tulisema hapana kwa sauti moja. Sigiri, ile ambayo wengine wetu tunaiita mbabula, ikiwaka mahali pamefungwa, iwe gari, hema ao chumba cha udongo, inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hawaamki hata kukohoa. Mvua zinakuja huko kwenu, mama wenye watoto wachanga tafadhali sigiri ibaki nje hata kama makaa yanaonekana yamekwisha, maana makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Papa Shofa alianza. Alikata gasketi mpya kwa karatasi ngumu na gundi ya injini, akafunga thamostati, akajaza maji polepole gari likizunguka ili hewa itoke yote, akafunga kifuniko. Kifuniko nacho alikitazama mpira wake, maana kazi yake ni kushika mgandamizo, na mgandamizo ndio unaozuia maji yasichemke mapema. Kilikuwa kizima. Saa mbili tukapakia tena majerikani yote 20. Kijana akanung'unika kidogo, lakini akabeba.

Tukavuka daraja la Katonga, lile lililoharibiwa na mafuriko Mei 2023 mpaka magari yakazungushwa kupitia Sembabule, tukaingia tambarare ya Lwera penye mafunjo pande zote. Hapo gari lolote linajiona zima. Lukaya tulinunua gonja za kuchoma, hatukukaa. Vilima vya kukaribia Masaka ndivyo tulivyokuwa tunavisubiri. Papa Shofa alikanyaga kama anavyokanyaga mwenye mzigo na haraka. Hakuna aliyezungumza. Sindano ilipanda upana wa ukucha, ikasimama, ikarudi. Akarudia mlima mwingine. Ikarudi tena. Mama Hazina akafungua mfuko wa gonja, ndipo tukajua amekubali.

Saa tano na nusu tukageuza. Wakati wa kushuka tulisikia harufu ya kitu kinaungua nyuma kushoto. Tuliposimama, Papa akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Tatu zilikuwa na joto la kawaida, lile la nyuma kushoto lilikuwa kama pasi. Breki inashika haiachii. Tukaenda kwa gia ya chini, pole pole, tukisimama kulipumzisha. Foleni ya Busega karibu ituue kwa presha, kila dakika mtu anatazama saa. Tulimkabidhi mwenye gari funguo mkononi saa kumi na moja na dakika 20, mwenyekiti wa LC1 akiwa shahidi.

Mazungumzo ya bei hayakuwa marefu kama tulivyoogopa, kwa sababu kijana wake mwenyewe aliulizwa akasema yote aliyoyaona, sindano, sufuria, gurudumu. Tunamshukuru, angeweza kunyamaza. Mama Hazina alitaja kila kasoro na gharama yake: rejeta kuoshwa, breki ya nyuma, tundu la juu, kabati la gesi, kitanda. Bwana akashuka hadi 15,700,000. Tukalipa, tukapokea logibuku siku hiyo hiyo.

Tukitoa mafuta na matumizi ya safari, likelemba ilibaki na kama milioni 1 na laki 7. Rejeta imefunguliwa na kuoshwa Katwe, breki imetengenezwa, mbao mpya za kitanda zimetoka Ndeeba. Katwe hao hao wenye kuchomelea wamekata tundu la ukubwa wa ngumi kwenye sakafu ya kabati la gesi, mbali na bomba la moshi, wakaweka wavu ili panya na mawe yasiingie. Tundu la juu bado, fundi anatudanganya kesho kesho.

Tunatarajia kuondoka Kampala wiki ya mwisho ya mwezi huu, Base Camp kwanza. Ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo tutalala Lyantonde njiani. Nguo za shule za kushonwa zipelekwe kwa viongozi wa vijiji mapema pamoja na vipimo. Wagonjwa wenye barua ya hospitali ya Kampala waandikishwe, nafasi ya kurudi kwa kulala ni moja tu kila safari. Mizigo midogo tunapokea, ila Mama Hazina ameshasema kuku hawapandi, hata wakifungwa miguu.